Kupima mafuta mwilini: mizani ya umeme, koleo, tepu au DEXA?

Mkimbiaji_Kasarani
Wadau, nisaidieni. Mizani ya umeme ya nyumbani inanipa mafuta asilimia 24. Kocha wa jimu akinibana ngozi kwa koleo lake anapata 17. Wiki ile ile! Niko mzima, nataka tu kujua kama mazoezi yanakata mafuta au yanakula misuli. Nishike ipi?

Fiziolojia254
Kaka, zote mbili zinakisia. Mizani hupitisha umeme hafifu: misuli ina maji mengi, umeme unapita, mafuta yanauzuia. Ukipanda una kiu, inaweza kukusomea mafuta mengi kuliko uliyo nayo. Tena zile za kukanyaga tu, umeme unapanda mguu huu na kushukia ule, sehemu ya juu ya mwili inabaki kubahatishwa.

Koleo linapima unene wa mkunjo wa ngozi. Watafiti Jackson na Pollock walitoa hesabu ya wanaume mwaka 1978: kifua, tumbo, paja. Akibana kocha mwingine, jibu linabadilika. Na mafuta yaliyozunguka ini na matumbo koleo haliyagusi kabisa.

Dada_wa_Umoja
Kuna jambo linalotuhusu sisi watu weusi zaidi, na makocha hawalisemi. Hesabu nyingi za koleo zinaishia kwenye fomula ya mwanasayansi William Siri, inayochukulia kuwa mwili ukiondoa mafuta una msongamano wa gramu 1.1 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa kila mtu. Mwaka 1984 mtafiti Schutte na wenzake waliwapima wanaume Wamarekani weusi wakapata takriban 1.113. Mwili wako ukiwa hivyo, fomula ya Siri itadhani msongamano huo wa ziada ni upungufu wa mafuta, ikupunguzie mafuta kwenye karatasi. Kwa hiyo 17 yako huenda iko chini, na 24 ya mizani huenda iko juu kama ulipanda una kiu.

Baba_Ngong_Road
Fanya DEXA umalize ubishi. Ni eksrei ile ile ya kupima mifupa. Inatenga mfupa, mafuta na nyama, mkono kwa mkono, mguu kwa mguu. Mionzi ni kidogo sana, ila mjamzito asifanye.

Dada_wa_Umoja
Mzee wangu, kwa heshima, kwa mtu mzima wa afya hiyo ni gharama bure. Tena mashine mbili tofauti za DEXA hazilingani. Chukua tepu ya fundi cherehani. Kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Ukitaka asilimia, kuna hesabu ya jeshi la majini la Marekani: shingo, kiuno, urefu, sisi wanawake tunaongeza nyonga.

Mkimbiaji_Kasarani
Urefu 172, kiuno 84. Basi tepu kila mwezi, na koleo la kocha yule yule. Mizani nitaiachia kilo tu.

Fiziolojia254
Sawa kabisa. Pima asubuhi kabla ya chai, tepu ipite kitovuni, toa pumzi kawaida kwanza. Usivute tumbo ndani.