Nguzo za ngazi ya kuning'inia zinatikisika, naombeni ushauri wa haraka

KijanaWaMwamba
Habari zenu wadau, naombeni ushauri na naomba uwe wa haraka maana usingizi umenitoka. Niko Tororo, nimejenga uwanja mdogo wa mazoezi ya vikwazo nyuma ya nyumba ya marehemu baba, vitu vyote nimetengeneza mwenyewe na fundi mmoja wa hapa: ukuta wa mbao wa kuparamia, tairi za lori, kamba ya kukwea, wavu wa kutambaa chini yake, na ile ngazi ya hewani unavuka paipu moja baada ya nyingine kwa mikono. Hiyo ya mwisho ndiyo inanitesa. Nguzo ni za mkaratusi, paipu ni za jiai (chuma kilichopakwa zinki), mtu akishika tu hakuna shida ila akianza kujirusha kwenda mbele nguzo zinatikisika, si sana, lakini ukisimama pembeni unaona. Niongeze misumari ya inchi 6 pale juu au nifunge waya wa kukaza kutoka juu mpaka chini kama mlingoti wa redio? Na mwenye ujuzi wa kamba aniambie, ya katani inachoma mikono, ya nailoni inateleza.

FundiKatwe
Misumari hapana ssebo. Msumari unaosukumwa huku na huku unajitoa wenyewe polepole na hutajua mpaka siku mtu yuko juu. Toboa, pitisha boliti, weka washa pana pande zote mbili, kaza nati. Na mkaratusi kama ulikatwa juzi bado mbichi, utakauka utasinyaa na boliti zote zitalegea, kwa hiyo utarudi na spana tena na tena. Kitu kingine, hizo paipu umezipitisha tu kwenye tundu? Shika moja uizungushe. Kama inazunguka mkononi hiyo ni mbaya kuliko kutikisika, mtu anashika inamgeukia anaenda chini. Piga boliti nyembamba ipenye mbao na paipu pamoja. Halafu niambie mashimo umechimba kina gani na zege umemimina lini.

AfandeMstaafu
Kijana hongera kwa kazi. Mimi nimepitia Kaweweta, kambi ya mafunzo ya jeshi, enzi zangu na njia ya vikwazo ndiyo iliyonifanya mtu. Kuna ukuta pale ulinishinda siku ya kwanza, mimi ni mfupi, nikaruka nikashika hewa, jamaa mmoja wa Koboko akapiga goti akaniambia kanyaga bega, nikapita, na sisi wawili tumekuwa ndugu mpaka leo watoto wetu wanaitana binamu. Kuhusu kamba, tatizo siyo katani, ni miguu. Acha kuvuta kwa mikono. Kamba ipite nje ya mguu wa kulia, ipite chini ya wayo, kisha mguu wa kushoto uikanyage kwa juu uibane. Hapo unasimama juu ya kamba kama umesimama kwenye ngazi, mikono inashikilia tu. Kushuka usiteleze, shuka mkono kwa mkono, ukiteleza ngozi ya viganja inabaki kwenye kamba.

JinjaSpoti
Wadau huyu kijana yuko mbele ya wakati tumpe heshima yake. Mnajua kuanzia Olimpiki ya Los Angeles 2028 ile pentathloni ya kisasa, mchezo wa mashindano matano kwa mtu mmoja, haina farasi tena? Baada ya ule mzozo wa farasi aliyegoma kuruka kule Tokyo mwaka 2021 wakaamua kuondoa farasi na kuweka vikwazo, Paris 2024 ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa farasi. Sasa farasi sisi tungempata wapi? Lakini paipu na kamba tunazo. Na Waganda vikwazo tunaviweza, Peruth Chemutai katoka Bukwo huko milimani akachukua dhahabu ya kuruka viunzi na maji Tokyo, akaongeza fedha Paris. Kijana fungua klabu, mimi nakuja na watu wangu kutoka Jinja.

KijanaWaMwamba
Asanteni sana. Afande hiyo ya mguu nimeijaribu sasa hivi, kweli mikono imepumzika, Mungu akubariki. @JinjaSpoti umenipa moyo banange, sikujua habari ya Olimpiki. Fundi, paipu mbili zinazunguka, kesho natafuta boliti. Kwa hiyo waya wa kukaza mnasemaje?

NesiArua
Waya unaotoka juu ya nguzo kuja ardhini kwa mshazari usiuweke mahali watu wanapokimbia. Kwa mtu mzima unapita kifuani, kwa mtoto unapita shingoni, na waya mwembamba hauonekani jioni. Kama ni lazima uvishe bomba la plastiki lenye rangi kali. Na chini ya ngazi umeweka nini? Nauliza kwa sababu anayeanguka kutoka kwenye kuning'inia anaweka mkono chini kwanza, tunawapokea kila likizo, kiwiko na kifundo cha mkono. Murram iliyoshindiliwa ni sawa na sakafu. Weka mchanga, kina sentimita 30 usipunguze, na mvua ikinyesha unashikamana unakuwa mgumu, kwa hiyo kila kabla ya mazoezi mtu achukue jembe augeuze. Na tairi zitoboe chini maji yatoke, la sivyo unafuga mbu nyuma ya nyumba.

FundiKatwe
Kijana umejibu wote, swali langu umeliruka. Kina gani? Zege ya lini? Na nani atatumia?

MamaMalaba
Mimi pia nataka kujua nani atatumia.

KijanaWaMwamba
Ni mimi na vijana wachache wa mtaani tunafanya mazoezi pamoja. Zege ni ya Jumanne, fundi alisema simiti ya siku hizi inakauka haraka, ukipiga kwa nyundo inalia.

MtumishiWaBwana
Vijana wetu wamesahau kwamba kila jengo lina msingi, na msingi wa kwanza ni Mungu. Mlifanya maombi kabla ya kuchimba? Mnakimbilia mazoezi ya kizungu wakati shamba la baba limelala bila kulimwa. Jembe ni mazoezi tosha. Babu yangu hakuwahi kuning'inia kwenye paipu na alikufa na nguvu zake.

FundiKatwe
Mzee maombi ni mazuri ila zege haikauki kwa maombi, na kulia kwa nyundo siyo kukomaa. Ikifikisha siku 7 na umeimwagilia maji kila siku inakuwa na kama theluthi mbili ya nguvu yake, hesabu kamili inafanywa kwa siku 28. Ya Jumanne iache. Ukiitikisa sasa hivi nguzo inajitengenezea nafasi ndani ya shimo na hiyo nafasi haitaziba tena maisha. Ninyi vijana wachache mnaweza kusubiri mwezi, kuna haraka gani?

KijanaWaMwamba
Haraka ipo.
Sawa nitasema. Jumamosi hii nina wageni. Kuna shule ya msingi ya binafsi inaleta watoto wa P4 mpaka P6, siku ya michezo, wameshanilipa advansi nusu na hiyo advansi ndiyo imenunua paipu. Siwezi kuirudisha kwa sababu haipo. Lakini jamani msinishambulie, watoto ni wepesi, sisi tumejaribu watu wazima na haikuanguka, kama inabeba mimi inashindwaje kubeba mtoto wa kilo 25? Na nimeshachapisha matangazo. Mimi nauliza tu misumari au waya.

FundiKatwe
Mtoto mmoja ni mwepesi. Watoto hawaji mmoja. Watapanga foleni, wa mbele hajafika katikati wa nyuma wameshapanda, unakuwa na watano au sita juu kwa pamoja, wote wanajirusha upande mmoja kwa mdundo mmoja. Mtu anayejirusha uzito wake siyo ule wa mizani, unaongezeka, na unasukuma kwa ubavu, pale juu kabisa ambapo nguzo ni kama mkono wa wenzo unaong'oa shina. Wewe mtu mzima ulipita mara moja kwa uangalifu.

MamaMalaba
P4 mpaka P6. Shule gani?

BodaWaBusia
Mimi naona apeleke tu watoto wacheze, sisi tulikua juu ya miembe bila zege wala boliti na tuko hai 😂 Mwaka fulani nilianguka kwenye fenesi nikalamba vumbi nikapanda tena.

NesiArua
Bambi, walio hai ndio wanaosimulia. Njoo wodini uwasalimie waliobaki.

Mchunguzi256
Wadau subirini kidogo. Mimi naona tunachezewa. Kwanza alisema uwanja wa mazoezi, halafu vijana wa mtaani, sasa shule nzima na matangazo. Kila mkimbana anatoa hadithi mpya tamu kuliko ya kwanza. Na Tororo huku mvua imenyesha Jumanne kutwa nzima, mimi niko Nagongera najua, zege ilimiminwa vipi kwenye mvua ile? Picha hakuna hata moja. Tulishapigwa humu na mtu wa kisima, tukashauri wiki nzima, kumbe hana kisima wala kiwanja. Kijana weka picha au funga uzi.

JinjaSpoti
Eh. Kweli picha hakuna. Na mimi nilishaanza kuwaambia watu wa klabu.

AfandeMstaafu
Mwacheni kijana ajibu. Kule jeshini mtu akihojiwa na wote kwa pamoja hata jina lake anakosea.

KijanaWaMwamba
Mchunguzi, simu yangu kamera ina ufa haitoi kitu, na sina sababu ya kuwadanganya watu nisiowajua usiku huu nikiwa na hofu. Jumanne mvua ilianza saa tano, sisi tulianza kuchanganya saa moja asubuhi, moja kwa mbili kwa nne, simiti mchanga kokoto, nguzo ya mwisho tulimalizia tumeishikia kaveera (karatasi ya plastiki) juu, watu wawili kila mmoja pembe zake, maji yanatiririka mgongoni. Mpaka sasa kaveera iko pale imefungwa kwa mpira wa tyubu kwenye kila shimo. Ungekuwa unatunga ungetunga na mwamba? Maana tulichimba mashimo mawili ya upande wa barabarani tukagonga mwamba, moja kwa moja, sululu inatoa cheche, tukaishia magotini, tukamimina hapo hapo. Mawili mengine yanafika kiunoni. Hiyo ndiyo Tororo, kila mtu anaujua mwamba wetu. Sasa niambie mtu wa kutunga angejua hiyo.

FundiKatwe
Magotini?

Mchunguzi256
Kale, nimekusikia. Mwamba huo naujua, kaka yangu choo kilimshinda kwa sababu hiyo hiyo. Naondoa neno langu. Lakini sasa ndiyo naogopa.

FundiKatwe
Kijana sikiliza, hili ndilo ulilopaswa kuandika mstari wa kwanza. Mpaka sasa nilidhani tunangoja zege ikomae. Ngazi yenye urefu wa mita 2 na nusu juu ya ardhi inataka karibu mita nzima chini, wewe upande mmoja una goti. Zege hiyo hata ikae mwaka itakuwa bonge tu lililokaa juu ya jiwe, litainama na nguzo yake. Misumari wala waya haviokoi hapo. Kwenye mwamba usichimbe, panua. Chukua paipu nzito au engo (chuma cha pembe), tengeneza miguu miwili inayotanuka kama herufi A kila upande, chini iunganishwe na paipu ndefu inayolala ardhini, na mishazari miwili kila ubavu. Hiyo inasimama yenyewe hata kwenye sakafu. Mchomeleaji yeyote mzuri wa hapo Tororo au Mbale anaijua, ni kazi ya siku chache, lakini siyo ya kabla ya Jumamosi.

KijanaWaMwamba
Fundi nimekuelewa lakini bila ngazi nabaki na nini? Ndiyo iliyo kwenye tangazo, ndiyo walimu waliyoipenda. Nilikuwa nawaza labda tuzuie tu, wapande wakubwa wa P6 mmoja mmoja, mimi na fundi tukishikilia nguzo.

NesiArua
Utashikilia nguzo na mtoto atashikiliwa na nani?

AfandeMstaafu
Kijana una tairi, una wavu, una ukuta. Hiyo inatosha asubuhi nzima. Wagawe makundi, wapeane bega ukutani, wa mwisho ndiye anayehesabiwa muda, utaona wanavyosaidiana, watasahau ngazi kabisa. Ukuta uwe na egemeo nyuma na mtu mzima kila upande. Kamba nayo imefungwa wapi?

KijanaWaMwamba
Kamba iko kwenye mwembe wa baba, tawi nene, hiyo siihofii.
Sawa. Kesho natoa paipu zote za ngazi ili hata mtoto mkaidi asipate pa kushika. Nguzo nitaziacha. Nitawaambia walimu kwamba ngazi bado haijaisha, ambayo ni kweli, na atakayetaka kupunguza malipo tutaongea. Mchanga wa chini ya ukuta nitautafuta leo hii hii.

BodaWaBusia
Mchanga nina rafiki mwenye lori, nitakupa namba yake kwa ujumbe. Na samahani kwa utani wa fenesi, mimi sikujua ni watoto wa watu.

MamaMalaba
Kijana nimekutumia ujumbe na jina la shule, umenijibu ndiyo. Mwanangu ana karatasi ya Jumamosi nimeshaisaini. Sikugombezi, umesema ukweli ingawa umechelewa. Kesho asubuhi nakuja na baba yake kuona kwa macho yetu. Yeye ana kilo 90, kama hizo paipu bado hujatoa ataning'inia yeye kwanza tuone.

FundiKatwe
Hapana mama, asining'inie mtu yeyote, hata wa kilo 90. Aweke tu kiganja kwenye nguzo ya upande wa barabarani asukume taratibu, halafu ainame aangalie pale mbao inapoingia kwenye zege. Akiona ufa mwembamba umezunguka nguzo, zing'oeni zote nne siku hiyo hiyo, msiache hata moja imesimama.