Mjadala: Ni akademi ipi imetoa wachezaji bora zaidi kwa kila nafasi uwanjani?

Beki Mbili (mwanzisha mada)
Ndugu wanajamvi, salaam. Kila tunapobishana kuhusu akademi bora ya soka duniani, mazungumzo huishia kwenye La Masia, yaani akademi ya Barcelona, dhidi ya Ajax ya Uholanzi na kila mtu huondoka na lake. Leo naomba tuligawe swali kwa nafasi, yaani kipa, beki wa kati, beki wa pembeni, kiungo, winga na mshambuliaji wa kati, kisha kila nafasi tuipe akademi moja na kutoa sababu.

Naanza mimi. Viungo ni Barcelona, na ushahidi ni Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, ya mwaka 2010, ambapo watatu wa juu walikuwa Messi, Iniesta na Xavi, wote wa nyumba moja. Mawinga ni Sporting ya Lisbon: Futre, Figo, Simão, Quaresma, Cristiano Ronaldo na Nani. Sidhani kama kuna atakayebisha hapo. Mabeki wa kati nawapa Milan kwa ajili ya Baresi, Maldini na Costacurta. Washambuliaji wa kati nawapa Wafaransa wa Clairefontaine, kituo chao cha taifa cha vijana, kwa ajili ya Henry na Anelka. Kipa na beki wa pembeni nawaachia ninyi. Akademi za Afrika sikuziweka kwa sababu zimetoa mchezaji mmoja mmoja bila kujenga sifa ya nafasi yoyote, na sisi wa Afrika Mashariki, kwa kweli, hatuna cha kuchangia katika orodha hii.

Winga wa Kigoma
Ndugu Beki Mbili, sitagusa Milan wala Sporting, kwa sababu sentensi yako ya mwisho imenizuia kuendelea kusoma. Unasemaje kwamba Afrika imetoa mchezaji mmoja mmoja? Akademi ya ASEC Mimosas pale Abidjan, iliyoanzishwa miaka ya tisini na Jean-Marc Guillou pamoja na rais wa klabu, Roger Ouégnin, imetoa Kolo Touré, Yaya Touré, Zokora, Eboué, Romaric, Dindane, Kalou na Gervinho. Mwaka 1999 vijana wa akademi hiyo, wengi wao wakiwa hawajafikisha miaka 20, walipewa jukumu la kucheza fainali ya Super Cup ya Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia, timu ya watu wazima, na wakashinda 3-1 katika muda wa nyongeza. Watoto wale walifundishwa peku katika miaka yao ya mwanzo ili mguu uujue mpira kabla ya kuzoea kiatu. Huo ni mpango kamili wa ufundishaji, na kuuita bahati ya mtu mmoja mmoja ni kuwavunjia heshima watu walioujenga.

Ukitaka nafasi, nakupa nafasi: mtazame Yaya Touré wa Manchester City, kiungo anayekaba, anayepiga pasi ya mita 40 na anayefunga mabao 20 katika msimu mmoja wa Ligi Kuu ya Uingereza, kama alivyofanya 2013/14. Niletee kiungo wa La Masia aliyefanya yote hayo kwa pamoja.

Mama Kiungo
Nimesoma kwa makini na nina tatizo na msingi wenyewe wa mada. Kabla ya kugawa nafasi lazima tukubaliane mchezaji anahesabiwa kuwa wa nani. Messi alifika Barcelona mwaka 2000 akiwa na miaka 13, akitokea Newell's Old Boys ya Rosario. Chenga zake zote, ule mpira unaobaki karibu na mguu wa kushoto, alikuja nazo kutoka Argentina. Barcelona walimlipia matibabu ya homoni za ukuaji, wakampa chakula, shule na timu, na hilo ni jambo kubwa, lakini mlezi aliyempokea mtoto ambaye tayari anatembea hawezi kudai kwamba ndiye aliyemzaa.

Tuseme basi kwamba anayehesabiwa ni yule aliyeingia kabla ya kutimiza miaka 15. Xavi anabaki, kwa sababu aliingia akiwa na miaka 11. Iniesta, aliyetoka Fuentealbilla na miaka 12, anabaki. Hata Messi nitakuachia. Ila Puyol alifika akiwa na miaka 17, Busquets 17, na Pedro 17. Mnapoitaja Hispania ya Kombe la Dunia la 2010 kana kwamba ni La Masia iliyovaa jezi nyingine, nusu ya wale sita wa La Masia walioanza fainali walilelewa sehemu kubwa ya utoto wao kwingine.

Beki Mbili
Mama Kiungo, kigezo chako kinapendeza kikisomwa, lakini kinaua mada. Busquets wa miaka 17 hakuwa Busquets. Alikuwa kijana mrefu asiye na mbio, ambaye klabu nyingi zingemrudisha nyumbani. Kilichomfanya awe kiungo mkabaji wa kipekee ni kufundishwa kuangalia nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia, kuupokea kwa mguu wa mbali na kuutoa kwa mguso mmoja. Hayo ndiyo mafunzo ya Barcelona tangu Cruyff alipokuwa kocha, na ndiyo Guardiola, aliyekulia humo humo, aliyokuwa akiyafanya kabla ya Busquets. Nafasi ile ina mstari unaoonekana kwa macho.

Kona ya Mombasa
Nami naomba nirudi kwenye maneno kwamba sisi hatuna cha kuchangia, kwa sababu naona yamepitwa haraka. Tarehe 7 Novemba 2012, pale Celtic Park mjini Glasgow, Victor Wanyama, kijana wa Nairobi, alipanda juu ya walinzi wa Barcelona, akaiunganisha kona kwa kichwa, na Valdés, kipa aliyelelewa La Masia, akaufuata mpira wavuni kwa macho. Celtic wakashinda 2-1. Siku 18 baadaye Barcelona hao hao walicheza na Levante, Montoya akaingia kuchukua nafasi ya Alves aliyeumia, na kwa mara ya kwanza wachezaji wote 11 uwanjani wakawa waliopita La Masia. Dunia nzima iliandika habari za Levante. Sisi pia tumezikariri, na ile kona ya Glasgow hatuitaji. Hilo linaniuma, kwa sababu tunawafundisha watoto wetu historia ya klabu za watu kabla ya historia ya watu wao.

Beki Mbili
Ndugu yangu wa Mombasa, furaha ya bao lile niliipata kama wewe. Lakini bao moja si akademi. Wanyama aliondoka Kenya akiwa bado mdogo kwenda Helsingborg ya Sweden, kisha Germinal Beerschot ya Ubelgiji, ndipo akafika Celtic. Kwa kigezo chochote cha malezi, mtamweka wapi?

Kona ya Mombasa
Namweka Nairobi, alikopita AFC Leopards kabla ya kupanda ndege. Unapomtetea Busquets aliyefika na miaka 17, unasema malezi ya baadaye ndiyo yaliyomfanya. Ukija kwa Wanyama, unasema Ulaya ndiyo iliyomfanya. Katika hali zote mbili mshindi ni klabu ya Ulaya, na aliyemvumilia kijana alipokuwa hana kiatu hapati hata mstari mmoja. Chagua kigezo kimoja ukishike.

Mzee wa Primavera
Wapendwa, nimesubiri mtu azungumzie mabeki wa kati nimeona kimya, ilhali hiyo ndiyo nafasi yenye jibu lililo wazi kuliko zote. Baresi alikataliwa na Inter akiwa kijana, Milan wakamchukua. Maldini aliingia timu kubwa mwaka 1985 na hakuvaa jezi ya klabu nyingine hadi alipostaafu 2009. Costacurta na Filippo Galli walitoka timu hiyo hiyo ya vijana. Mwaka 1994, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Athens, Baresi na Costacurta wote wawili walikuwa na adhabu. Ikabidi Maldini ahamie katikati acheze na Galli. Aliyekuwa mbele yao ni Barcelona ya Cruyff, yenye Romário na Stoichkov. Milan walishinda 4-0. Akademi inayoweza kuwakosa mabeki wake wawili bora, ikawatoa wengine wawili wa nyumbani, na isiruhusu bao katika mchezo mkubwa kuliko yote, haihitaji wakili.

Watu wa Ajax watasema Rijkaard, Frank de Boer na De Ligt, aliyekuwa nahodha akiwa na miaka 19 walipofika nusu fainali ya 2019. Nawaheshimu. Lakini beki wa Ajax hufundishwa kwanza kuanzisha mashambulizi, na kukaba huja baadaye. Beki wa Milan alifundishwa mahali pa kusimama.

Mama Kiungo
Mzee, shikamoo. Hapo kwa Milan nakubaliana nawe kabisa, na kigezo changu hakiwadhuru sana. Ila maneno yako kuhusu Ajax siyakubali. Timu iliyowafunga Milan 1-0 mjini Vienna mwaka 1995, siku Kluivert alipofunga akiwa na miaka 18, ilikuwa na Reiziger, Frank de Boer na Rijkaard, wote matunda ya Ajax, na ilimaliza mchezo ule bila kuruhusu bao. Mabeki wasiojua kukaba hawamalizi fainali namna hiyo mbele ya Maldini na wenzake.

Mzee wa Primavera
Marahaba, binti yangu. Bao lile lilikuja dakika tano kabla ya mwisho, na aliyempa Kluivert pasi ni Rijkaard, aliyeujulia mchezo mkubwa akiwa na jezi ya Milan. Kwa hiyo hata ushindi wenu ule una alama zetu.

Nambari Tisa
Mimi nakubaliana na Clairefontaine kwa washambuliaji na naongeza kwamba kituo kile kimetoa Henry, Anelka, Saha, Mbappé na hata Zidane, kwa hiyo kwa mbele hakuna mjadala.

Mama Kiungo
Ndugu Nambari Tisa, Zidane hakupita Clairefontaine. Alitoka Marseille, akalelewa Cannes, na alianza kucheza ligi kuu ya Ufaransa akiwa na Cannes mwaka 1989. Tuwe waangalifu, maana kila Mfaransa hodari anaandikwa Clairefontaine siku hizi. Isitoshe, mtoto hukaa pale tangu miaka 13 hadi 15 hivi, siku za juma tu, na mwisho wa juma huchezea klabu yake. Sifa ya Mbappé ni lazima igawanywe na Bondy, alikozaliwa kimpira, na Monaco, alikokomaa. Na Henry, mnayemhesabu mshambuliaji wa kati, alikuwa winga Monaco na Juventus. Aliyemhamishia katikati ni Wenger, Arsenal, kuanzia 1999. Kama tunagawa kwa nafasi, basi nafasi ile Clairefontaine haikuifundisha.

Nambari Tisa
Umenijibu kana kwamba sijawahi kuangalia mpira. Kwa Zidane chukua pointi yako. Lakini ukisema aliyebadilisha nafasi ndiye mwenye mchezaji, basi Southampton nao wampoteze Bale, kwa sababu walimtoa akiwa beki wa kushoto na dunia ikamjua kama winga. Mimi ningewapa Southampton nafasi ya beki wa kushoto bila kusita, kwa ajili ya Bale na Luke Shaw. Je, nao uwanyime?

Mama Kiungo
Kwa Shaw, nawapa. Kwa Bale, wamemfundisha kukimbia upande ule na krosi yake ni ya kwao. Nafasi ya beki wa kushoto wachukue.

Winga wa Kigoma
Naona tunawagawia watu wa Southampton kwa huruma ambayo Abidjan hawakuipata. Niongeze Génération Foot ya Senegal, wenye ushirikiano na Metz ya Ufaransa: Papiss Cissé, Diafra Sakho, Sadio Mané, Ismaïla Sarr, Pape Matar Sarr. Wanne kati ya hao watano ni watu wa kutokea pembeni au kumalizia mashambulizi. Kama hiyo siyo sifa ya nafasi, naomba nielezwe sifa ni nini.

Na kuhusu sisi, Mbwana Samatta alitoka Mbagala, akapita African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi akiwa na miaka 18, akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, kisha ubingwa wa Ubelgiji na Genk 2018/19. Hakuwahi kulala katika bweni la akademi yoyote ya kifahari. Watoto wetu wengi huonekana kwa mara ya kwanza kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, wakiwa na miaka 16 au 17, umri ambao kwa kigezo cha Mama Kiungo mlango umeshafungwa. Kigezo hicho kinapima utajiri wa klabu inayoweza kumchukua mtoto wa miaka 11 na kumlaza, na ndiyo maana majibu yake yote yanatoka Ulaya.

Mama Kiungo
Kigezo hakikumfungia Samatta mlango. Kinasema tu kwamba Mazembe na Genk wasidai kumlea. Anayebaki naye ni Mbagala, na nadhani hicho ndicho wewe na ndugu wa Mombasa mnachotaka.

Winga wa Kigoma
Mbagala haina jengo wala bajeti, dada yangu. Kumpa heshima isiyo na uwanja mzuri wa mazoezi hakumsaidii mtoto anayecheza pale leo.

Mlindalango
Kwa kuwa Genk imetajwa, naomba nafasi ya kipa ambayo mwanzisha mada aliiacha wazi na hakuna aliyeigusa. Thibaut Courtois aliingia Genk akiwa mtoto mdogo na alianza kama beki wa kushoto kabla ya kukabidhiwa glavu. Koen Casteels, wa umri wake, alikuwa akademi ile ile wakati ule ule. Mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe, na makipa wawili wa timu ya taifa kutoka darasa moja. Atakayesema Schalke kwa sababu ya Neuer, namkubalia Neuer, lakini alete na wa pili wa kiwango cha Casteels. Atakayesema Parma kwa sababu ya Buffon, aliyesimama langoni dhidi ya Milan mwaka 1995 akiwa na miaka 17 na hakufungwa, naye alete wa pili. Beki Mbili, ndiyo nafasi uliyotuachia. Andika Genk, au nitajie nyingine yenye wawili.