Naomba ushauri: bi mkubwa na barafu ya Athabasca

Wakuu heshima kwenu, niko Nyegezi hapa Mwanza, mdogo wangu wa Calgary, Kanada katualika mimi na bi mkubwa mwezi wa saba, anataka tupige ile barabara ya Icefields Parkway, kilomita 232 toka Lake Louise mpaka Jasper, tusimame kwenye senta ya wageni inayotazamana na barafu ya Athabasca, ule mto mkubwa wa barafu wa milimani. Sasa bi mkubwa magoti yanamsumbua na baridi anayoijua ni upepo wa ziwani tu. Kuna mabasi ya matairi makubwa yanapanda mpaka juu ya barafu yenyewe, maana kutembea bila mwongozaji ni hatari, kuna nyufa. Aliyefika, ngazi za hilo basi mzee anaziweza au abaki senta na chai yake? Na makoti tuchukue mtumba Mlango Mmoja au hukohuko?