KIA (uwanja wa Kilimanjaro) na Kisongo (uwanja wa Arusha): kwa nini Arusha ina viwanja viwili vya ndege? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada:
Wadau wa Kaskazini, kila msimu kuna abiria anapelekwa uwanja siyo. Wenye uelewa mwageni hapa, historia na ya kiutendaji. Naanza na KIA: ilifunguliwa Desemba 1971 kwa mkopo wa Italia, kati ya Arusha na Moshi, njia ya kurukia kama mita 3,600. Lengo lilikuwa mtalii ashukie huku huku badala ya kupitia Nairobi. Mwaka 1998 ikakabidhiwa KADCO, kampuni ya kuuendesha uwanja, ikiwa na wabia binafsi. Baadaye Serikali ikanunua hisa zote.

Mzee wa Hanga:
Kisongo tatizo lake ni urefu wa njia na mwinuko, yaani mita 1,387 juu ya bahari. Joto la kawaida la hewa kwa mwinuko huo, kwa vipimo vya marubani, ni nyuzi 6 hivi. Mchana ikiwa 26, zidisha tofauti ya nyuzi 20 kwa mita 36, ujumlishe na ule mwinuko: injini na mabawa yanafanya kazi kama yako mita 2,100. Ndege inataka lami zaidi kabla ya kunyanyuka, kwa hiyo rubani anapunguza abiria, mizigo au mafuta. Ukiambiwa begi lako litakuja na ndege ya jioni, mara nyingi sababu ni hiyo, wala si dharau.

Kijana wa Usa:
Msisahau 18 Desemba 2013. Boeing 767 ya Ethiopian iliyokuwa inakwenda KIA ilitua Kisongo, njia ya takriban mita 1,620! Viwanja viko umbali wa kama kilomita 50, na njia zote mbili zinaelekea mashariki-magharibi, zote zimeandikwa namba za mwelekeo 09 na 27. Ndege ilisimama salama ila magurudumu yakaingia kwenye majani. Ngazi ya kufikia mlango wake haikuwepo, abiria wakakaa ndani saa kadhaa. Kuiondoa ikabidi iruke bila abiria.

Mama Tiketi:
Angalieni herufi tatu kwenye tiketi: JRO ni KIA, ARK ni Kisongo. Ukishuka JRO na ndege ya Serengeti inatoka ARK, hesabu muda wa saa tatu, si saa moja. Kuna kusubiri mizigo na viza, halafu barabara ya kupitia Usa River na Tengeru. Mwambie dereva apite mchepuko wa kusini, akwepe katikati ya jiji.

Mzee wa Hanga:
Na mizigo: ndege nyingi za mbugani wanaruhusu kilo 15, begi la mkononi likiwemo. Liwe laini, kwa sababu kwenye Caravan, ndege ndogo ya injini moja, linasukumwa ndani ya boksi lililofungwa chini ya tumbo la ndege. Sanduku gumu la magurudumu hata likiwa na kilo 10 linaweza kugoma mlangoni.

Kijana wa Usa:
Kamera na betri za akiba zisiingie kwenye boksi hilo, panda nazo.