Tupeane uzoefu: diski ya ndani au ya nje, ipi iliichangamsha kompyuta yako?

Mpigapicha, Jinja: Habari zenu wakuu. Mimi ni wa picha za harusi. Laptopu yangu ukiiwasha asubuhi, unakunywa chai mpaka kikombe cha pili ndipo inafunguka. Nikapanda matatu hadi Kampala, nikanunua diski ya nje ya terabaiti 1, nikahamishia picha zote. Nilijua sasa itapumua. Wapi! Inajikokota vilevile. Waliopitia haya, nyie mlifanyaje?

Fundi, Wandegeya: Pole kaka. Picha umezihamisha, lakini Windows na programu zako bado zinasomwa kutoka diski ya ndani, na yako bila shaka ni ya sahani, ile inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Kuipunguzia mzigo kunasaidia kama ilijaa pomoni, zaidi ya hapo hakuna. Diski hiyo ikisoma faili moja kubwa inafika kama megabaiti 100 kwa sekunde. Shida ni vile vifaili vidogovidogo vya kuwashia mashine: kisomeo kinarukaruka huku na huku, kasi inashuka hata chini ya megabaiti 2. SSD, yaani diski ya chipu tupu isiyo na sahani, haina kitu cha kurukaruka. Ile ya kawaida, inayochomekwa kwenye tundu lilelile la SATA la diski ya sahani, inafika megabaiti 500 na ushee kwa sekunde. Wanafunzi wananiletea laptopu wakitaka mpya, nawawekea SSD, wanaondoka nayo ileile wakicheka. Ila angalia na RAM, ile kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa, maana ukiwa na gigabaiti 2 usimlaumu mtu.

Mama Video, Mbarara: Mimi nilikuwa nahariri video zikiwa humohumo kwenye diski ya nje, picha zinakwamakwama. Kumbe nilichomeka kwenye tundu jeusi, USB 2.0, halipitishi hata megabaiti 40. Nikahamia la buluu, kwikwi ikaisha. Siku hizi kazi inayoendelea naiweka ndani, ikimalizika ndiyo inatoka nje.

Muuza vipuri, Busia: Yangu ni ya majonzi. Hesabu za duka za miaka mitatu nilizikata ndani nikazibandika kwenye diski ya nje. Nakala moja tu! Nikaitia mfukoni, bodaboda ikaruka shimo, diski chini. Nilipoichomeka ikalia tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Mpaka leo ninao wadeni nisiojua wananidai au nawadai.

Mwalimu, Arua: Laptopu yangu ni zile nyembamba, hifadhi imelehemiwa kwenye bodi, haibadilishiki. Nikaweka Ubuntu, mfumo endeshi wa bure badala ya Windows, kwenye SSD ya nje, nawashia humo. Inakimbia kuliko ilivyotoka dukani. Kasoro yake ni waya: mtoto aliugusa nikiwa katikati ya kutunga mtihani, skrini ikaganda palepale.

Mpigapicha, Jinja: Wakuu, nimerudi. Fundi wa hapa ametoa ile ya sahani, ameweka SSD ya gigabaiti 512. Sasa inawaka hata sijavuta kiti. Mzee wa Busia umenitisha kweli: diski ya zamani nimeitilia kasha la USB, nimenakili harusi zote, nimempelekea shemeji Bugembe aifungie kabatini. Kwa gari, si kwa boda.