Kumtendea haki adui uliyemshinda: ni udhaifu au ndo nguvu yenyewe?

Kalamu_Butu:
Wakuu salaam. Nimetoka kuoga matusi kwenye grupu la ndugu huko WhatsApp. Kuna video ilikuwa inazunguka, wanajeshi waliotekwa wamepigishwa magoti, mikono nyuma, mmoja kijana kabisa anaambiwa aimbe wimbo wa taifa la hao waliomteka, akikosea neno anakula kibao, na mwenye kamera anacheka mpaka picha inatikisika. Mi nikaandika tu kwamba huyu keshanyang'anywa silaha, mwacheni. Weee! Nikaitwa msaliti, nikaambiwa sina uzalendo, eti watu kama mimi ndo wanafanya majeshi yadharaulike.

Sasa naomba kuuliza, tena bila ushabiki. Nchi ikiwa na jeshi la nguvu na ikashinda vita, ina deni gani kwa walioshindwa? Au ukishashinda unafanya unavyotaka na mzalendo kazi yake ni kushangilia?

Chuma cha Pua:
Mkuu vita sio harusi. Huyo kijana unayemwonea huruma wiki moja nyuma alikuwa anakutafuta kwenye darubini ya bunduki. Jeshi linalindwa na woga wa adui, wakishajua ukiwashinda unawapa blanketi na chai basi kila mwaka watakuja kujaribu bahati.

Na msilete habari ya Ujerumani kwamba walibanwa sana baada ya vita ya kwanza ndo maana wakarudi. Uongo. Hawakubanwa vya kutosha! 1918 walisaini kusitisha vita na hakuna jeshi la adui lililokuwa limekanyaga Berlin, askari wakarudi wakapokelewa kama mashujaa, ndo ikazaliwa ile hadithi kwamba hawakushindwa ila walichomwa kisu mgongoni na wanasiasa wao. 1945 wakapondwa kwelikweli, nchi ikagawanywa vipande vinne, na tangu hapo wametulia. Somo ni hilo, ponda mpaka aelewe.

Gwanda Kuukuu:
Chuma, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kulala handakini. Mi magwanda nimeyavaa, ngoja nikwambie kitu ambacho hakihusiani na huruma hata kidogo. Adui aliyezingirwa ana mambo mawili, anyooshe mikono au apigane mpaka risasi ya mwisho, na anachagua kutokana na habari alizozisikia kuhusu wewe. Akijua kwako mateka anakula na anatibiwa, ataweka silaha chini na vijana wako watarudi kwa mama zao. Akijua ukimshika unamchinja, hata mpishi wao atakufa na bastola mkononi na atakuondokea na wawili watatu.

Mfano ni huohuo Ujerumani. Hitler aliteka askari wa Kisovieti kama milioni 5.7 na zaidi ya milioni 3 walikufa mikononi mwake, njaa, baridi, risasi, wengi walifungiwa tu uwanjani hamna paa wanatafuna majani. Habari zikawafikia wenzao, na wenzao wakagoma kusalimu amri. Halafu uje 1945 vita ikielekea mwisho, Wajerumani wenyewe wanakimbia kuelekea magharibi, wanavuka mto Elbe kwa chochote kinachoelea ili wakatekwe na Wamarekani au Waingereza na sio Wasovieti. Jiulize kwa nini. Sifa ya jeshi namna ya kutunza mateka nayo ni silaha, tena hainunuliwi.

Chuma cha Pua:
Sawa, hiyo ya kusalimu amri nimekuelewa. Lakini hapo unaongelea wakati vita inaendelea. Vikiisha je?

Bibi Atlasi:
Vikiisha ndo panapokuwa pagumu jamani. Chuma uko sahihi nusu. Ujerumani ilipondwa ndio, ila umeruka kilichofuata, kuanzia 1948 pesa za Marekani za kujenga Ulaya zilienda na upande wa Magharibi wa hiyohiyo nchi iliyoshindwa, na 1953 kule London wadai wakakaa wakakata madeni yake karibu nusu. Linganisha na 1921 walipobebeshwa fidia ya marki za dhahabu bilioni 132. Kuponda peke yake hakujatuliza mtu.

Lakini nanyi wa upande wa huruma msijisifu mapema. Marekani 1865, mwisho wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, jenerali Lee wa waasi wa kusini aliposalimu amri kule Appomattox, Grant, jenerali wa serikali kuu, aliwaacha askari wa Lee waende na farasi wao wakalimie, akawapa chakula maana walikuwa na njaa, na vijana wake walipoanza kupiga mizinga ya shangwe akawakataza. Kitendo cha kiungwana, mi mwenyewe nakipenda. Ila miaka ikaenda, na wale wakubwa wa kusini wakarudi madarakani, na 1877 askari wa serikali kuu walipoacha kuzilinda serikali za kule, watu weusi waliokuwa wametolewa utumwani wakabaki mikononi mwa walewale. Yaani upole kwa walioshindwa ulilipwa na watu wengine kabisa ambao hakuna aliyewauliza.

Na kuna upole wa mdomoni. Nigeria, Januari 1970, Biafra, eneo lililotaka kujitenga, imeshindwa vita, na mtawala wa nchi Gowon anatangaza hakuna mshindi wala aliyeshindwa, maneno matamu. Halafu mtu wa Biafra aliyekuwa na akiba benki anaenda dirishani, hata kama alikuwa na maelfu, anapewa pauni 20. Basi. Huyo mwambie hakushindwa.

Kalamu_Butu:
Bibi Atlasi umenivuruga kichwa ila asante. Narudi kwenye video yangu, hivi kisheria inaruhusiwa?

Gwanda Kuukuu:
Hairuhusiwi. Mkataba wa tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 13, mateka analindwa dhidi ya vipigo, matusi na kugeuzwa maonyesho ya watu. Ukimhoji analazimika kukupa jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi, wimbo wa taifa haumo. Na hao wanaocheka wanajisahau, upande wa pili nako kuna vijana wao wametekwa, na hiyo video huko inaangaliwa pia.

Chuma cha Pua:
Na wale waliochoma vijiji na raia ndani? Nao tuwatunzie tarehe ya kuzaliwa?

Bibi Atlasi:
Hao mahakamani. Kutendewa haki sio kusamehewa. Kule Nuremberg, kwenye kesi ya wakubwa wa Hitler, waliwapa mawakili, wakasomewa ushahidi mwezi baada ya mwezi, mwingi nyaraka zao wenyewe walizozisaini, na 1946 watu 12 wakahukumiwa kifo. Na watatu wakaachiwa huru, ndo maana hukumu zile ni ngumu kuziita kisasi kitupu.

Chuma cha Pua:
Hao watatu ndo wananiudhi mimi.