Mgonjwa wa saratani ya tezi dume aache sukari ili kuiua saratani kwa njaa? Tujadili

Mtoa mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili bila kutupiana maneno. Baba yangu mdogo ana saratani ya tezi dume iliyokwisha kufika kwenye mifupa, yuko kwenye sindano za kuzima homoni. Tangu aambiwe kwamba saratani hula sukari, ameacha sukari, wanga na matunda yote. Juzi nilimkuta anatoboa tundu la tatu kwenye mkanda wake kwa msumari wa moto. Anasema, "Naiua kwa njaa." Familia imegawanyika. Msimamo wangu ni kwamba mgonjwa wa tezi dume asipewe ushauri huu. Mwenye hoja alete.

Mchangiaji 1:
Pole mkuu, ila mimi niko upande wa mzee. Otto Warburg, mwanasayansi Mjerumani, alionyesha tangu miaka ya 1920 kwamba uvimbe wa saratani hubugia glukosi, yaani sukari ya damu, na kutema laktati hata oksijeni ikiwepo, na Nobel alipata. Laktati hiyo hutia asidi pale kwenye uvimbe, na seli T, ambazo ndizo askari wa kinga, zinalegea. Ukipunguza sukari unaipa kinga nafasi ya kupigana. Kwa nini tumnyang'anye silaha asiyoilipia?

Mchangiaji 2:
Warburg ni kweli, ila Nobel ya 1931 alipewa kwa kazi yake juu ya kimeng'enya cha upumuaji wa seli, si kwa hili. Mimi hupiga picha za PET, zile zinazoonyesha sehemu za mwili zinazonasa dawa yenye mionzi. Mgonjwa anafunga saa kadhaa, anachomwa glukosi yenye mionzi, analala kimya kama saa nzima, kisha anaingia kwenye mashine. Ubongo unawaka. Kibofu kinawaka, maana glukosi ile hutoka na mkojo. Saratani nyingi nazo zinawaka. Lakini ile ya tezi dume, ikiwa bado changa, mara nyingi huioni kabisa. Ndiyo maana siku hizi tunatumia dawa inayonasa PSMA, protini iliyo juu ya seli zake.

Sababu iko kwenye tezi yenyewe. Seli yake yenye afya hulimbikiza zinki. Zinki hukaba kimeng'enya kinachoivunja sitrati, kemikali ambayo seli nyingine huichoma kupata nishati, kwa hiyo sitrati inamwagwa kwenye majimaji ya shahawa. Seli ikigeuka saratani, zinki hupungua sana, na sitrati iliyokuwa ikimwagwa sasa inachomwa kuwa nishati na kutengenezewa mafuta. Ulafi wa glukosi huja zaidi baadaye, ugonjwa ukishakuwa mkali.

Na hizo seli T zikiingia vitani hutaka glukosi, tena nyingi. Halafu mwili haukubali sukari ya damu iishe: mtu akijinyima, ini huitengeneza, na sehemu ya malighafi inatoka kwenye misuli. Huo mkanda unaotobolewa ni misuli ya mzee inayoondoka.

Mchangiaji 3:
Nyongeza. Tezi dume hutoa kimeng'enya kiitwacho fosfatasi asidi, ambacho huzalisha kemikali ya adenosini, na adenosini huzituliza seli T. Huwezi kuizuia kwa kuacha matunda. Hii ni moja ya sababu zinazotajwa kwa nini dawa za kuamsha kinga, zilizofanya makubwa kwenye melanoma (aina ya saratani ya ngozi), zimesuasua hapa. Hata sipuleucel-T, tiba ya chanjo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 na inayoilenga fosfatasi hiyohiyo, iliongeza takriban miezi 4 ya kuishi.

Mchangiaji 1:
Kuhusu picha nimekubali. Lakini umesema mwenyewe kwamba ugonjwa ukiwa mkali huja kula glukosi, na mzee tayari imemfika kwenye mifupa. Isitoshe, sindano za homoni huleta kitambi, insulini inagoma, kisukari kinanyemelea. Mtu wa hivyo kweli asipunguze sukari?

Mchangiaji 2:
Vinywaji vya sukari apunguze, hapo tuko pamoja, kwa ajili ya moyo wake na kisukari. Ninachokataa ni kumwambia kwamba hiyo ni tiba ya uvimbe. Angalia jaribio la STAMPEDE, Uingereza na Uswisi: wanaume zaidi ya 1,800 wasio na kisukari, saratani imeshasambaa, nusu wakaongezewa metformini, dawa ya kisukari inayoshusha sukari ya damu. Matokeo yaliyotoka 2025: kati ya waliopewa na wasiopewa ilikuwa miezi 67.4 dhidi ya 61.8 ya kuishi, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuitegemea. Lakini uzito, sukari na kolesteroli vilikaa vizuri zaidi. Kwangu hiyo si haba.

Na tumewahi kuumizwa na nadharia nzuri. Jaribio la SELECT liliwapa wanaume 35,533 vitamini E, madini ya seleniamu, vyote viwili au vidonge visivyo na dawa, kwa matumaini ya kuzuia saratani hii. Mwaka 2011 ikaonekana waliomeza vitamini E peke yake waliipata kwa asilimia 17 zaidi.

Mtoa mada:
Nimemsomea yote. Alinyamaza sana, kisha akauliza swali moja: matunda arudishe?

Mchangiaji 2:
Arudishe, na chakula chenye protini asikikose. Kliniki ijayo apimwe uzito na sukari ya damu, na awaambie wazi alichokuwa ameacha na kwa muda gani. Akitaka mazoezi ya kurudisha misuli, aulize kwanza ni mfupa upi usibebeshwe uzito.